Mtaalamu wa Watoto wa Wengine

Cheti changu cha ushauri nasaha nilikipata baada ya Jumamosi nane za mafunzo hapa Voi, katika ukumbi wenye feni moja iliyozunguka ilipojisikia. Jumamosi ya mwisho tulipiga picha, tukala pilau, na nikarudi nyumbani nikiwa mtu mwingine. Jumatatu yake mwalimu mkuu wa shule ya msingi ninakofundisha alinikabidhi wanafunzi wote waliomshinda, nami nikamshukuru. Nilidhani nimepandishwa cheo.

Haukupita muda kanisa letu likanialika nizungumze na wazazi kuhusu nidhamu ya watoto. Likafuata kanisa moja kule Mwatate, kisha kikundi cha kina mama, kisha mkutano wa wazazi wa shule iliyo karibu na mashamba ya mkonge. Nilinunua blauzi mbili za kuzungumzia. Nilichapisha karatasi yenye kichwa "Hatua Tano za Kumwelewa Mtoto Mkaidi," na chini yake nikaandika jina langu likifuatwa na neno "mtaalamu," neno ambalo hakuna aliyenipa. Nilikuwa na sauti maalumu ya semina, nzito kidogo kuliko ile ninayoitia kuku, na nilikuwa na mtindo wa kunyamaza katikati ya sentensi ili wazazi wapate nafasi ya kuandika. Waliandika kweli. Nikiwaona wameinamisha vichwa juu ya madaftari yao, nilihisi utamu ambao leo naona aibu kuueleza.

Lakini kilichowapendeza zaidi hakikuwa zile hatua tano. Hatua wangeweza kuzisoma kwenye karatasi. Walipenda visa. Kila nilipoona mzazi anasinzia nilisema, "Kuna mtoto mmoja ninayemfahamu," na ukumbi wote uliamka.

Nyumbani nilikuwa na mtoto mmoja tu, msichana. Wakati ninaousimulia alikuwa na miaka kumi na tatu, yuko gredi ya nane, katika shule nyingine iliyo upande wa pili wa reli. Nilimpeleka huko makusudi, watu wasije wakasema napendelea wangu. Babake anasimamia mifugo katika ranchi moja kule Ndara, kwa hiyo huja nyumbani Jumamosi akinuka dawa ya kupe na kurudi Jumapili jioni. Siku zilizobaki tulikuwa wawili, mimi na binti yangu, na hadi mwaka huo nyumba yetu ilikuwa na maneno mengi. Alikuwa mtoto wa kusimulia. Angeweza kukueleza safari ya kutoka shule hadi nyumbani ikachukua muda mrefu kuliko safari yenyewe.

Muhula wa pili ulipoanza, maneno yalipungua. Ukimuuliza habari za shule, anajibu "sawa." Ukimuuliza umekula nini, "sijui." Ukiendelea kuuliza, "wacha tu, Mama." Aliacha kuimba kwaya ya watoto kanisani, akasema koo linamuuma, na koo hilo likauma majuma sita. Mlango wa chumba chake una komeo bovu, basi akaanza kuufunga kwa kuegemeza ndoo ya nguo kwa ndani. Niliyaona haya yote, lakini mwezi huo nilikuwa na semina tatu. Nilijiambia ni umri, nikaandika neno "umri" kwenye daftari langu, nikalipigia mstari.

Kisha ukaja uji.

Nilikuwa nasahihisha insha katika ofisi ya walimu, simu ikalia. Alikuwa mwalimu wa darasa wa binti yangu.

"Mwalimu, samahani kukusumbua. Naomba ufike shuleni. Ni mambo ya uji."

"Uji umefanya nini?"

"Uji haujafanya kitu, mwalimu. Ni binti yako."

Binti yangu alikuwa amesubiri kengele ya mapumziko, akapokea uji wake kama wenzake, akausubiri upoe, kisha akaumimina kikombe kizima ndani ya mkoba wa msichana wa darasa lake. Vitabu, sweta, seti ya jometri, vyote. Kilichomsumbua zaidi mwalimu wake ni ule utulivu. "Hakuwa na hasira," aliniambia. "Aliumimina taratibu kama anayemwagilia mche."

Mwalimu huyo alikuwa kijana mwenye adabu. Aliponikaribisha ofisini niliona karatasi imebandikwa ukutani juu ya meza yake, nikajua kichwa chake kabla sijakisoma. Hatua zangu tano.

"Nilihudhuria semina yako," alisema kwa furaha. "Imenisaidia sana. Sasa, mwalimu, tuanze na hatua ya kwanza?"

Hatua ya kwanza ni kusikiliza. Nilikaa kwenye kiti cha mzazi, ambacho ni kifupi kuliko cha mwalimu, jambo ambalo sikuwahi kuligundua nilipokuwa upande wa pili wa meza. Mama wa yule msichana mwenye mkoba naye alikuwa ameitwa. Alinisalimia kwa heshima kubwa kuliko nilivyostahili siku hiyo, akasema amewahi kunisikia kanisani mara mbili. Bintiye alisimama karibu na dirisha akitazama viatu vyake. Mimi, mtaalamu, nilimwangalia mara moja nikaamua kwamba anamwogopa binti yangu.

Nilimgeukia wangu, nikatoa ile sauti ya semina.

"Niambie, kwa nini umefanya hivi? Nakusikiliza."

Alinitazama. Akaitazama karatasi ukutani. Akanitazama tena.

"Soma hapo," akasema.

Mwalimu kijana alikohoa. Binti yangu alipewa adhabu ya kuufua ule mkoba na kufagia jiko la shule wiki nzima, akaikubali. Mimi niliomba radhi kwa kila mtu aliyekuwemo, hata kwa katibu aliyeingia kutafuta stepla.

Tulipofika nyumbani nilihamia hatua ya makubaliano. Niliandaa Mkataba wa Tabia Njema wenye vifungu kumi, nikaupiga chapa. Binti yangu aliusoma akiwa ameshika kalamu nyekundu aliyoichukua kwenye mkoba wangu.

"Umeandika 'mtoto ataheshimu' mara nne," alisema. "Mzazi hajaandikiwa kitu."

"Mzazi ndiye msimamizi wa mkataba."

"Na hapa 'kuhakikisha' umekosea herufi."

Nilikuwa nimekosea. Aliweka sahihi kwa herufi kubwa, kama mtu anayetia sahihi kituo cha polisi. Nilitundika pia chati ya wiki karibu na jokofu, pamoja na stika za nyota za rangi ya dhahabu: siku njema, nyota moja. Alhamisi niliporudi kutoka kazini chati ilikuwa tupu. Nyota zote zilikuwa zimebandikwa kwenye kioo cha cheti changu sebuleni, kwa mstari ulionyooka, moja juu ya kila herufi ya jina langu hadi nyota zikaisha.

Babake alipokuja Jumamosi, alisimama mbele ya cheti akacheka hadi akaweka kikombe chini.

"Si ya kucheka," nilisema.

"Wiki iliyopita kuna dume lilikuwa linapiga kila mtu teke," alisema akijifuta macho. "Tumeliita majina yote. Tulipolilaza tukakuta mwiba kwenye kwato, mrefu hivi."

"Mtoto si ng'ombe."

"Sijasema ni ng'ombe. Nauliza tu kama umemwangalia."

Nilimwambia kwamba njia yangu imefanyiwa utafiti. Hakuniuliza ni utafiti gani, na bahati nzuri, kwa sababu sikuwa nao.

Hata hivyo neno lake lilinikera vya kutosha nikaamua kutafuta chanzo. Sikutafuta mbali. Binti yangu alikuwa amebakiwa na rafiki mmoja tu, msichana wa familia ya Kiislamu inayokaa karibu na soko, watu waliotoka Pwani zamani. Mama yake ni fundi cherehani. Binti yangu alikuwa akipitia huko karibu kila siku baada ya shule. Hapo nikaona nimekamata kitu: kundi baya. Kundi lilikuwa na mtu mmoja, lakini hilo halikunisumbua. Nilivaa blauzi yangu ya semina, ile ya kijani, nikaenda.

Mama huyo aliinuka kwenye cherehani mara aliponiona mlangoni.

"Karibu mwalimu, karibu. Pita ndani, starehe."

Kabla sijafungua mdomo palikuwa na chai ya tangawizi mbele yangu na sahani ya kaimati. Ni vigumu kumshutumu mtu ukiwa na shira vidoleni, lakini nilijitahidi. Nilizungumza kuhusu ushawishi wa rika, kuhusu umuhimu wa wazazi kujua watoto wao wanakaa na nani, kuhusu mabadiliko niliyoyaona kwa binti yangu tangu aanze kuja hapa. Nilinyamaza hata kwenye zile sehemu za kunyamaza. Hakuandika chochote. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nimekusikia, mwalimu," alisema. "Lakini mwanao hapa kwetu hana kosa. Huja akanisaidia kukata vitambaa, wakala na mwenziwe, wakacheka, akaenda zake."

"Anacheka?"

"Mno. Ana kicheko kizuri mtoto yule."

Sikumbuki mara ya mwisho nilipokuwa nimekisikia. Niliona wivu wa wazi kabisa, wa kitoto, nikamwonea wivu mwanamke aliyenipikia kaimati.

Alinijazia kikombe, kisha akasema, "Umemuuliza kwa nini shuleni humwita Godoro?"

"Nani anamwita Godoro?"

"Wote. Na aliyeanza ni yule yule mwenye mkoba."

"Kwa nini wamwite hivyo?"

"Hilo mie silisemi, mwalimu. Ni la kwenu."

Mtu mwenye akili angeketi hapo hapo akafikiri. Mimi nilifikiri njiani, nikitembea haraka, na hadi kufika nyumbani nilikuwa nimeshapata jibu. Godoro: kitu kinacholala siku nzima. Wenzake wanamwona mvivu! Nikaongeza kifungu cha kumi na moja katika mkataba, kuhusu kuamka saa kumi na moja na nusu na kutandika kitanda, nikamsomea kwa sauti wakati wa chakula cha jioni. Aliacha kutafuna.

"Kweli hujui?" aliniuliza.

"Nijue nini?"

Alinitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta kitu alichokuwa na hakika kipo. Kisha akachukua sahani yake.

"Wacha tu, Mama."

Likizo fupi ya katikati ya muhula ilipofika nilimpeleka kwa mama yangu, Chawia. Hatua ya nne: kubadilisha mazingira. Ukweli ni kwamba nilichoka. Pia nilikuwa nimealikwa kuzungumza Jumamosi hiyo hapa Voi, na ni kazi kuzungumzia watoto wa watu ukiwa na wako nyumbani amejifungia kwa ndoo.

Ukumbi ulijaa. Ulikuwa mchana wa joto letu lile la Voi linalomkuta mtu hata kivulini, na wazazi walijipepea kwa karatasi zangu. Nilipoona mzee mmoja ameanza kusinzia nilitoa kile kisa ambacho hakijawahi kuniangusha.

"Kuna mtoto mmoja ninayemfahamu vizuri," nilianza. "Miaka tisa, na bado anakojoa kitandani. Basi mamake, ili majirani wasijue, kila asubuhi anaenda—"

Hapo ndipo huwa nanyamaza. Nikanyamaza.

"Kuanika godoro nyuma ya tangi la maji!" akamalizia mama mmoja mstari wa mbele, kwa furaha ya mtu anayeujua wimbo. "Na majirani wote wanaliona!"

Ukumbi ulicheka. Yule mama aliwageukia wenzake. "Hiki kisa nakipenda. Hata nyumbani nimewasimulia watoto wangu, tulicheka siku nzima."

Alikuwa mama wa yule msichana mwenye mkoba.

Hakuwa na ubaya wowote usoni. Alinitazama akitabasamu, akingoja niendelee, na mimi nilimtazama, na neno lile moja likaanza kuingia kichwani mwangu polepole, kama maji yanavyoingia kwenye kiatu. Godoro. Mtoto ninayemfahamu vizuri, wangu, alivyokuwa miaka minne iliyopita. Ni watu wangapi katika ukumbi ule walijua kwamba nina mtoto mmoja tu? Wote. Ni wangapi walijua nyumba yetu, na tangi lililo nyuma yake? Voi ni mji mdogo. Nilikuwa nimekisimulia kisa hicho kanisani kwetu, Mwatate, kwa kina mama, kwenye mashamba ya mkonge. Nilikuwa nimemwanika mtoto wangu kila mahali nilipopewa maikrofoni, na kila mara walinipigia makofi.

Nilisimama pale bila neno. Wazazi walisubiri, kalamu mikononi. Walidhani ni kule kunyamaza kwangu kwa kawaida. Mzee aliyekuwa anasinzia aliamka akaandika kitu.

"Semina imeisha," nilisema hatimaye, nikaketi.

Mwenyekiti wa wazazi alisimama akanishukuru kwa mada fupi lakini nzito.

Kesho yake sikuenda kanisani. Nilipanda Chawia. Ukitoka kwenye joto letu la chini, baridi ya kule juu hukukamata mabega kabla hujafika, na asubuhi hiyo ukungu ulikuwa bado umelalia miparachichi. Nilipanga msamaha wangu njia nzima. Nilimkuta binti yangu na mama yangu wameketi barazani wakichambua maharagwe kwenye ungo mmoja. Binti yangu alikuwa anasimulia jambo, mikono yake ikienda huku na huku. Aliponiona, mikono ilirudi kwenye maharagwe.

Sikungoja hata kukaribishwa kiti.

"Nimekuja kuomba msamaha," nilisema. "Kwanza, nakubali kwamba nimekukosea. Pili, nimetambua kwamba maneno yangu—"

"Mama," alinikatiza, "hii ni hatua ya ngapi?"

Mama yangu aliinua macho. "Kumetokea nini?"

Basi binti yangu akamweleza. Hakunieleza mimi, alimweleza nyanyake, nami nikasikiliza nikiwa nimesimama na mkoba begani. Jina hilo la Godoro lilianza wiki ya kwanza ya muhula. Msichana mmoja alikuja shuleni na kisa alichosimuliwa na mamake, na kabla ya chakula cha mchana kila mtu alikuwa anajua kisa ni cha nani. Walikuwa wakiziba pua anapokaa. Kiti kilicho karibu naye kilibaki wazi. Katika kwaya walijipanga wakamwachia nafasi ya watu wawili. Siku ile ya uji alifungua mkoba wake akakuta kipande cha sponji ya godoro, kimelowa maji, juu ya kitabu chake cha hesabu.

"Kwa nini hukuniambia?" Sauti yangu ilikuwa ya kawaida sasa, ile ya kuitia kuku.

"Ningekuambia ungewaambia wazazi," alisema. Hakuwa na hasira. Alikuwa anaeleza tu jinsi mambo yalivyo. "Ingekuwa kisa kingine."

Niliketi kwenye ngazi ya baraza, nikalia, na sikulia vizuri. Nililia kwa pua zaidi kuliko kwa macho. Hakuna aliyenibembeleza. Waliendelea kuchambua maharagwe.

Baadaye mama yangu aliingia jikoni akatoka na bakuli la kimanga, muhogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja, akaliweka katikati yetu. Alikaa, akapangusa mikono kwenye leso, akasema kama anayezungumzia hali ya hewa:

"Mama yako huyu alikojoa kitandani mpaka darasa la tano."

"Mama!" nilipiga kelele.

"Darasa la tano, muhula wa pili. Siku walipokwenda mashindano ya kwaya Wundanyi, walale huko, nilimfungia shuka la pili ndani ya kikapu cha chakula, chini ya ndizi."

Binti yangu alinigeukia taratibu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi kunitazama kama mtu anayevutia.

"Nani alijua?" aliuliza.

"Mimi."

"Babu je?"

"Babu yako amezikwa hajui. Ndugu za mama yako hawajui. Ningemwambia nani, na ya nini?"

Mama yangu alirudi kwenye kimanga chake. Mwanamke huyo hakumaliza darasa la nne. Alikuwa ameibeba siri yangu zaidi ya miaka thelathini, akaitoa mara moja tu, kwa mtu mmoja tu, siku iliyohitajika. Mimi na cheti changu tulidumu na siri ya mwanangu hadi mwaliko wa kwanza.

Binti yangu alikuwa ameanza kutikisika. Nilidhani analia. Kumbe ni kicheko, kile ambacho yule mama wa cherehani alikisifu, na kilipotoka kilimwaga nusu ya ungo. "Chini ya ndizi!" alisema. "Ulibeba shuka chini ya ndizi!" Nilinuna kwa dakika nzima, mtu mzima mwenye mvi mbili. Kisha ikanishinda, nami nikacheka.

Tulipokuwa tunaokota maharagwe sakafuni nilimuuliza, "Sasa tuko sawa?"

"Bado," alisema. "Waambie na yako."

"Ipi?"

"Ya darasa la tano. Wale wale wazazi. Ukumbi ule ule."

Nilijaribu kupunguziwa adhabu. Nilisema nitawaambia kwamba mtoto wa kile kisa hakuwa wangu. Alisema huo ni uongo. Nilisema nitaandika barua. Mama yangu aliuliza, bila kuinua kichwa, "Si wewe ndiye mtaalamu?"

Baada ya majuma mawili nilirudi katika ule ukumbi. Sikuvaa blauzi ya semina. Niliwaambia kwamba kisa cha godoro kilikuwa cha mtu ambaye hakunipa ruhusa, na kwamba wale walionisikia wakakipeleka nyumbani walifanya hivyo kwa sababu mimi nilikianzisha. Kisha nikawaambia cha kwangu, shuka, kikapu, ndizi, bila kunyamaza hata mahali pamoja. Walicheka kidogo sana. Mtu akijisimulia mwenyewe, watu hawajui kama wana ruhusa.

Nilipotoka nje nilimkuta baba mmoja ananisubiri penye uzio, mtu mkubwa wa mwili, kofia mkononi. Aliangalia kushoto na kulia.

"Mwalimu, hiyo ya kitandani. Iliishaje?"

Nilielewa ana mtoto nyumbani. Nilitaka kumpa hatua, ulimi wangu ulishajipanga. Nilimwambia tu kwamba yangu iliisha yenyewe, kwamba ampeleke mtoto kwa daktari akaangaliwe, asimpige, asimcheke, na kwamba baada ya kuniambia mimi asimwambie mtu mwingine. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Mama wa yule msichana mwenye mkoba alikuja kwetu na bintiye Jumapili iliyofuata, amefedheheka kuliko alivyostahili, maana kosa lake lilikuwa kunisikiliza tu. Wasichana hao wawili waliombana radhi kwa sauti ya kujikokota, mmoja kwa ajili ya sponji, mwingine kwa ajili ya uji, wote wakiangalia sakafu. Hawakuwa marafiki. Hadi leo si marafiki. Lakini kiti cha karibu na binti yangu kilipata mtu, na koo lake likapona, akarudi kwaya. Kwa yule mama wa cherehani nilipeleka kikapu cha parachichi kutoka Chawia, na hotuba fupi niliyoiandaa. Alipokea kikapu, akabonyeza moja kwa kidole, akasema, "Yameiva vizuri haya," akanizuia kuendelea kwa kunivutia kiti.

Jina lenyewe halikufa. Lilihama. Siku moja nikipita kwenye korido ya shule yangu nilisikia nyuma yangu, kwa mnong'ono wa kutosha kusikika, "Mwalimu Godoro anakuja!" Nilipogeuka, darasa zima la sita lilikuwa linasoma kwa bidii, vitabu vingine vikiwa vimepinduliwa. Nilimwambia binti yangu jioni. Aliniuliza kama imeniuma. Nikasema kidogo. Akasema, "Utazoea," akaenda kuosha vyombo, siku ambayo haikuwa zamu yake.

Sitaki kumdanganya mtu kwamba mambo yalinyooka. Ndoo bado inaegemezwa mlangoni. "Wacha tu" bado naipata mara mbili au tatu kwa wiki, na kuna siku ananijibu kwa namna ambayo mimi kwa mama yangu nisingethubutu. Mialiko imepungua, inaonekana bila visa mimi si mzungumzaji wa kuvutia sana. Kabla ya kuandika haya nilimwomba ruhusa. Alisoma kurasa zote akiwa na kalamu nyekundu, akafuta aya mbili zinazomhusu yeye, akabakisha kila kitu kinachoniaibisha mimi, akanirekebishia herufi.

Juzi tulikuwa sokoni, tunachagua nyanya kwenye meza moja, yeye upande ule na mimi upande huu. Bila kunitazama, alianza kuniambia jambo. Lilikuwa jambo kubwa, la umri wake, na lilikuwa linamsumbua. Maswali saba yalinijia kwa mkupuo, na ushauri wa kutosha kujaza ukumbi. Nilishika nyanya mkononi nikabana meno.

"Hizi bado ni ngumu," nilisema. "Angalia zile za nyuma."

Akaangalia za nyuma, akachagua tatu, akaendelea kuzungumza.